Kapu la Mashoto

Speciosa hakuwa mtu wa kurudishwa njiani, na Mugoma nzima walilijua hilo. Aliwahi kukaa siku tatu kwenye benchi la ofisi ya kijiji akisubiri muhuri mmoja tu. Siku ya tatu mtendaji alipomwona anaingia na sufuria lake na viazi vya kupika, muhuri ulipatikana upesi, tena na kiti akapewa. Kwa hiyo asubuhi ile alipoitazama picha kwenye simu akanyamaza kimya, wanaomfahamu wangejua kuna mtu mahali fulani ataumwa kichwa.

Picha ilitoka kwa Evarista, kitinda mimba wake, anayesomea ualimu jijini Mwanza. Mwalimu wao aliwapeleka kutazama jumba jipya la makumbusho ya sanaa ya kisasa, na huko Evarista akaona kapu. Akalipiga picha kwa karibu, akaandika maneno mawili matatu: "Mama, hili si kama la Bibi?"

Speciosa alikuwa anapukuchua maharage. Akapangusa vidole kwenye kitenge, akaivuta picha ikawa kubwa. Lilikuwa kapu la zamani, la nyasi na uzi wa mgomba, lenye michoro ya misumeno myeusi na myekundu ubavuni, na picha ilichungulia ndani mpaka kitakoni. Akalitazama kitako muda mrefu.

Sasa ngoja nikueleze, maana usilolijua ni usiku wa kiza. Kapu la namna ile husukwa kwa kuzungusha. Unaanza na kitako kidogo kama kifungo cha shati, unazungusha nyasi, unashona, unazungusha tena, hadi kapu lisimame. Wasukaji wa Mugoma wanazungusha kuelekea kulia, na wa kata nyingine ni hivyo hivyo. Wote isipokuwa mmoja. Niragira, mama yake Speciosa, alizaliwa na mashoto, na kapu lake lilizunguka kushoto tangu kitakoni hadi ukingoni.

Unadhani walimsifu? Thubutu! Walimcheka. Kwenye harusi, kapu la Niragira likifika na mtama wake ndani, hakukosekana shangazi wa kulichungulia na kusema, "Aa, hili la mashoto. Litaipeleka bahati ya bwana harusi kinyumenyume." Mara moja kapu lilirudishwa, mtama haujaguswa. Niragira alicheka tu, akaupika ule mtama uji. Speciosa alikuwa na miaka kumi, na yeye hakucheka. Uji ule hakuunywa.

Na sasa kapu lililozunguka kushoto lilikuwa ndani ya jumba la watu wakubwa. Akampigia binti yake.

"Wameandika nani kalisuka?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wameandika nani kalisuka?"

"Hawajaandika, mama. Ukutani pameandikwa 'Wasio na Majina'. Halafu chini kuna jina la msanii. Diana nani sijui."

Speciosa akageuza shingo. Pale barazani, hatua sita kutoka alipokaa, Niragira alikuwa ameketi juani na kikombe cha uji, macho yake yaliyozimika miaka mitatu sasa yakielekea mgombani. Alikuwa amekwisha kulalamika kwamba uji umezidi sukari. Jana alikuwa amekohoa mchana kutwa.

"Asiye na jina," akasema Speciosa polepole. "Haya. Nakuja."

"Unakuja wapi, mama?"

"Mwanza ni wapi kwingine? Nakuja."

Hakumwambia mama yake ukweli. Aliogopa. Kama si lenyewe, atakuwa amempandisha bibi mzee juu ya mti na kumwachia ngazi. Akasema tu anakwenda kumwona Evarista, na Niragira akajibu, "Msalimie, mwambie asome, na asikae na njaa kwa ajili ya kununua viatu." Basi. Jirani akaombwa kumwangalia bibi, na kesho yake alfajiri bodaboda ikampeleka Speciosa Ngara mjini, na basi likamchukua kutoka stendi. Benaco, Nyakahura, Lusahunga, Biharamulo, Chato, Geita. Alikaa dirishani na mkoba mapajani, ndani yake kifuko cha maharage mapya ya Evarista, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akajisemea, na mimi nimekwisha vua.

Jumba lenyewe, alikopelekwa na Evarista asubuhi iliyofuata, lilikuwa jeupe nje na jeupe ndani, sakafu inang'aa hata unaona haya kuikanyaga. Mlangoni alisimama mlinzi mrefu mwenye sare ya buluu, jina limeandikwa kifuani: Shibuda.

"Shikamoo, mama. Karibuni sana," akasema. "Tunatazama kwa macho tu. Hatugusi."

"Marahaba, baba. Mimi nitagusa nini cha watu?"

Chumba cha kwanza kilikuwa na kandambili kuukuu zimerundikwa hadi darini. Speciosa akazizunguka mara moja, akamuuliza binti yake kama wenyewe wametoka peku. Chumba cha pili kilikuwa na televisheni kubwa, ndani yake mwanamume anafagia barabara, anafagia tu, haifiki mwisho. Speciosa alisimama akamtazama kwa dakika nzima. "Kijana anajituma," akasema, "ila angeanzia juu." Evarista akacheka kwa kujibana, maana kulikuwa na Wazungu wawili wanamtazama yule mfagiaji kama wako kanisani.

Kisha wakaingia chumba cha tatu, na Speciosa akasimama kama aliyepigwa na kitu.

Makapu arobaini yalining'inia kwa kamba kutoka darini, na yote yalikuwa yamepinduliwa. Midomo chini, vitako juu.

Kwao, kapu halipinduliwi hivi hivi. Nyumba ikifiwa, kabla hata jirani hajalia, mwanamke wa nyumba huchukua kapu la nafaka akalipindua mlangoni, na kila apitaye akajua: hapa hapapikwi, hapa pana msiba. Kapu moja ni mtu mmoja. Speciosa alikuwa hajapata kuona mawili kwa pamoja ila mwaka ule mtumbwi ulipozama mto Ruvubu. Na hapa yalikuwa arobaini.

"Mawe!" akashangaa kwa lugha ya kwao, Kihangaza, kwa sauti ndogo. Akavua viatu, akajitanda kitenge kichwani. Ukutani walisimama msichana na mvulana wenye mikoba ya chuo. Akawaendea, akawapa mkono mmoja mmoja. "Poleni. Poleni sana kwa msiba."

"Asante," akajibu yule msichana, maana ukipewa pole utajibu nini?

Speciosa akaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, kama wanavyoketi wanawake matangani. Akatoa kile kifuko cha maharage mkobani, akakiweka chini mbele yake, kwa sababu msibani hakuendwi mikono mitupu.

"Mama," Evarista akanong'ona, masikio yamemwiva kwa aibu, "hakuna msiba."

"Nyamaza. Makapu arobaini yamepinduliwa, wewe unaniambia hakuna msiba?"

"Ni sanaa, mama. Wameyapindua ili yapendeze."

"Yapendeze?"

"Ndiyo."

"Watu wazima? Wakayapindua tu, hajafa mtu?"

Yule msichana wa chuo alikuwa amekwisha mpiga picha. Mwenzake alisoma ukutani akitafuta mahali palipoandikwa kuhusu mama aliyeketi na maharage. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Basi hapo majonzi yakamtoka Speciosa, hasira ikaingia mahali pake. Akainuka, akaanza kupita chini ya makapu moja baada ya lingine, shingo ameinua kama anayetafuta embe. La kumi na saba, alilipata. Misumeno saba, kitako kinazunguka kushoto. Akasimama chini yake na machozi yakamjaa, akayafuta kwa ncha ya kitenge.

"Baba Shibuda," akaita. "Nenda kaniitie mwenye makapu haya."

Diana alikuja baada ya robo saa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele amenyoa, mikono ina madoa ya rangi, uso mpole. Aliamkia vizuri, kwa kuinama kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Haya makapu ni yako?"

"Ndiyo, mama. Ni kazi yangu."

"Umesuka lipi?"

Shibuda akaangalia viatu vyake.

"Sikusuka, mama," akasema Diana. "Niliyakusanya. Niliyapata kwa wauza vitu vya kale kule Nyakanazi, barabarani. Niliuliza nani aliyasuka, hakuna aliyejua. Ikaniuma. Wanawake wamesuka maisha yao yote na hakuna hata mmoja aliyeandikwa mahali. Ndiyo maana nikaiita kazi hii Wasio na Majina. Nataka anayeingia humu aumie kama nilivyoumia mimi."

Alikuwa anasema kweli, na Speciosa aliiona kweli yenyewe usoni pake. Lakini kweli ya mtu haiwezi kukanyaga ya mwingine.

"Mimi nimeumia," akasema. "Sasa sikia. Hili lina mwenyewe. Anaitwa Niragira. Hajafa, hajapotea. Juzi asubuhi nimemwacha barazani anagomba na uji."

"Utalijuaje, mama? Yanafanana."

"Yanafanana kwako. Inua macho. Hayo mengine yote yanazunguka wapi?"

Wakayapitia yote. Diana mbele, Shibuda nyuma yake, Evarista naye, wote wameinua shingo, wanahesabu kwa vidole. Kulia. Kulia. Kulia. Walipomaliza la arobaini, Diana alirudi chini ya lile la kumi na saba akalitazama kama amelala nalo nyumba moja miaka miwili bila kujua lina mguu.

"Sikuwahi kuona," akasema.

"Mama yangu ni mwenye mashoto. Wamemcheka kwa hilo tangu hajaota matiti. Basi leo liwe na faida. Mwandike hapo ukutani."

Diana akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekataa chakula kwa heshima. "Mama, siwezi. Nikiweka jina moja tu, kazi yote inakufa. Nguvu yake ni kwamba hakuna jina."

"Basi ife."

"Mama..."

"Kazi inayokufa kwa sababu mtu ametajwa jina lake, ilikuwa na ugonjwa wake yenyewe, mwanangu. Si mimi niliyeiua."

"Naomba nifikiri."

"Fikiri," akasema Speciosa, akarudi ukutani, akaketi, akanyoosha miguu. "Mimi nipo hapa hapa."

Na akawepo kweli. Usidhani ni maneno. Evarista alirudi chuoni kwenye mtihani, na jioni mama yake akaenda kulala kwake bwenini, wamebanana kitanda kimoja. Asubuhi mlango ulipofunguliwa, Speciosa alikuwa wa kwanza kuingia. Kila mgeni aliyekanyaga chumba cha tatu alisalimiwa, akaambiwa asimame pale, ainue kichwa, ahesabu misumeno, aangalie kitako kinavyozunguka. "Huyu ni Niragira wa Mugoma, wilaya ya Ngara," akasema Speciosa. "Ana mashoto. Rudia jina." Nao wakarudia! Watoto wa shule wakaimba jina kwa pamoja mpaka mfagia barabara wa kwenye televisheni akakosa watazamaji. Mzungu mmoja alijaribu mara nne hadi "Niragira" likamkaa mdomoni, akapigiwa makofi. Wengine waliuliza mama huyu analipwa na nani, anaigiza vizuri mno.

Shibuda alipaswa kumtoa. Aliagizwa, akaja, akachuchumaa karibu naye.

"Mama, nimeambiwa nikuombe utoke."

"Umeniomba. Nimekataa. Kazi yako umeifanya."

Shibuda akajikuna kidevu. "Mimi kwetu Nyabusozi, Biharamulo," akasema. "Wazee wangu walitoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakalima pale. Bibi yangu alikuwa anafinyanga vyungu. Jina lake nalikumbuka, lakini wanangu hawalijui." Akatazama mlangoni. "Nitasema nimekuomba." Akainuka, na saa nne akamletea chai na chapati.

Siku ya pili Diana alikuja na hasira. Alisema wageni hawaitazami kazi tena, wanamtazama mama. Alisema ametumia miaka miwili. Speciosa alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamuuliza kama ametumia miaka miwili na hakuwahi kupanda basi kwenda Ngara kuuliza, hiyo miaka alikuwa anaitumia wapi. Diana akatoka bila kuaga. Ile kwaheri aliyoinyima ilimuuma Speciosa kuliko alivyotazamia, maana binti yule alikuwa na adabu, na kumkosesha mtu adabu si sifa. Lakini hakuinuka.

Siku ya tatu, saa ya watu kwenda kula, chumba kikiwa kitupu, Diana aliingia akaketi sakafuni karibu naye. Alikuwa na kadi nyeupe na kalamu nyeusi ya wino mzito.

"Sijalala vizuri," akasema hatimaye. "Mama, watu wakitoka mlangoni wanasema Niragira, Niragira. Hakuna anayesema jina langu, na hakuna anayesema Wasio na Majina. Nimejiuliza kinachoniuma ni kipi. Nimeona si kizuri."

"Umesema vyema, mwanangu."

"Nitaandika. Ila nisikie sauti yake kwanza. Sitaki kuandika mtu nisiyemsikia."

Speciosa alikuwa ameshinda, akabonyeza simu. Niragira alikuwa na kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, shingoni kwa kamba, kitufe cha kijani akikijua kwa kidole. Kikaita mara tatu. Speciosa akaweka sauti ya nje, na kwa Kihangaza akaanza kueleza, na akawa anamgeuzia Diana kwa Kiswahili kipande kipande: kwamba hakuja Mwanza kwa ajili ya Evarista tu, kwamba kuna jumba, kwamba kapu lake lipo, la kitako cha kushoto, na wanataka kuandika jina lake ukutani.

Upande wa pili kikohozi.

"Misumeno mingapi?" akauliza Niragira.

"Saba, mama."

"Myekundu ni mingapi?"

"Mitatu."

"Lishike. Shika karibu na ukingo, uniambie mishono imelalia wapi."

Speciosa akamtazama Diana. Diana akamtazama Shibuda. Shibuda, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akiwaambia watu hatugusi, akaenda ukutani akafungua kamba, akalishusha kapu taratibu mpaka likafika mikononi mwa Speciosa. Akalipapasa. Nyasi zilikuwa kavu na nyororo kwa uzee. Kutoka kitakoni vidole vilipanda na mishono imelalia kushoto, kushoto, kushoto. Kisha, upana wa kiganja kabla ya ukingo, mishono ikageuka.

"Hapa juu imelalia upande mwingine," akasema. "Ulikuwa umechoka, mama?"

"Yoo," akasema Niragira, na sauti yake ikawa si ya mtu anayegomba na uji. "Basi ni lile. Hapo si mkono wangu, Speciosa. Hapo ni mkono wa Nkeshimana."

"Nkeshimana ni nani?"

"Ni mtu ambaye sijakuambia."

Na akaeleza, kwa kukatakata, anapumzika, anakohoa, anaendelea. Mwaka wa sabini na mbili watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi, wanakimbia. Jioni moja mwanamke akasimama mlangoni, mwembamba kama mwiko, hana hata kitenge cha kubadilisha. Hakuomba kitu, alisimama tu. Niragira alikuwa na mimba kubwa, na kapu lile lilikuwa mapajani mwake. Akamwambia aingie. Siku nne baadaye uchungu ukaanza, mvua ya masika inanyesha, mume yuko safarini, mkunga yuko ng'ambo ya mto uliofurika. Mtoto alitanguliza miguu.

"Nilikuwa nakufa," akasema Niragira. "Na wewe ulikuwa unakufa. Aliingiza mkono wake akakugeuza, akakutoa. Hukulia. Akakupulizia mdomoni mpaka ukalia. Halafu mimi nikalala mwezi mzima siwezi kukaa. Alipika yeye. Alikuogesha yeye. Na jioni akachukua kapu langu akalimalizia. Yeye wa kulia, kapu la kushoto, ilikuwa taabu, alikuwa anacheka peke yake na kulia peke yake. Alifunga ukingo siku ya Jumamosi. Jumatatu lori likaja kuwachukua waliokimbia, wakapelekwa makambini. Akapanda. Nilimpungia na wewe mkononi. Tangu siku hiyo sijasikia kama anaishi au hapana. Baba yako aliliuza kapu sokoni siku moja nikiwa shambani. Sikusema naye wiki mbili."

Speciosa alikuwa analia wazi wazi, hafuti. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kuna mtu unadaiwa naye uhai, na hujui pa kwenda kusema ahsante? Huo ni mzigo. Niliubeba mimi."

Diana alikuwa ameishika kadi na kalamu imesimama hewani. Wageni wawili walikuwa wameingia, wakasimama mlangoni bila kujua kama wapite.

"Mama," akasema Speciosa, akijikaza, "wapo tayari. Wanaandika Niragira. Nimekaa hapa siku tatu."

"Langu la nini?"

"Mama!"

"Speciosa, mimi nina wewe. Umekwenda mpaka Mwanza, umekaa siku tatu chini unanisemea, na ninavyokujua hukula vizuri. Yeye atasemewa na nani? Kwetu kapu ni la aliyefunga ukingo. Ni mimi niliyekufundisha hivyo. Andikeni Nkeshimana."

Nakuambia, mtu aliyemshinda mtendaji wa kijiji, akamshinda msanii wa jiji na mlinzi wake, alishindwa pale pale na bibi kipofu mwenye kitochi. Alitaka kubisha na hakuona pa kushikia. Alitazama mishono iliyogeuka, akaweka kiganja chake juu yake, kikaenea sawasawa. Mkono ulioshona hapo ndio uliomgeuza kabla hajaona jua, na yeye alikuwa amefika miaka hamsini na tatu bila kulitamka jina lake hata mara moja. Aliona aibu, na aliona furaha, vyote kwa pamoja.

"Mwandike," akamwambia Diana.

"Nkeshimana wa nani? Jina la pili?"

Speciosa akauliza. Niragira hakujua. "Sikumuuliza ukoo wake," akasema. "Niliona haya kumuuliza mtu aliyepoteza watu wote anatoka kwa nani."

Diana akasubiri. Chumba kizima kikasubiri, pamoja na wale wawili wa mlangoni.

"Andika hivi," akasema Speciosa. "Nkeshimana, aliyempokea Speciosa. Chini yake andika Niragira wa Mugoma, aliyeanza kitako. Herufi zilingane."

Diana akapiga magoti, akaiweka kadi sakafuni, akaandika kwa mkono, polepole. Alipomaliza aliinua macho. "Na haya thelathini na tisa, mama?"

"Hayo nayo yana wenyewe. Nyakanazi unapajua, na kutoka pale mpaka kwetu kuna lami."

Diana akaitikia kwa kichwa, bila ubishi, akaenda kuibandika kadi ukutani, juu ya yale maandishi makubwa.

"Wameandika?" simu ikauliza.

"Wameandika, mama."

"Nisomeeni."

Speciosa akajaribu, hakulimaliza hata la kwanza. Akamnyooshea Shibuda simu. Shibuda akavua kofia, akasimama wima mbele ya ukuta, akasoma kwa sauti kubwa kama anayesoma somo kanisani, jina la kwanza, na la pili, na yote yaliyofuata.

"Mwanangu," akasema Niragira, "rudia lile la mwanzo."

"Nkeshimana," akasoma Shibuda.

"Rudia."

Akarudia.